Ukoo wa Mama na Mmea Usio na Baba: Historia ya Handeni na Korogwe

Bunilizi za kisayansi, yaani hadithi zinazojenga ulimwengu usiokuwapo kwa kufuata mantiki ya sayansi, zimeshughulikia kwa muda mrefu mada ya jamii inayotawaliwa na wanawake ambao huzaana bila kuhitaji waume, na ambao katika hadithi za karibuni huzaana kwa klona, yaani kiumbe kinachotokana na mzazi mmoja tu na kurithi vinasaba vyake vyote bila kuchanganywa na vya mzazi wa pili. Mwandishi anayeshika mada hiyo hawezi kuishia kwenye ajabu ya uzazi wenyewe, kwa sababu msomaji makini atamdai majibu ya mambo ya kawaida kabisa: nani anarithi shamba, nani ni jamaa na nani mgeni, wanaume wachache waliobaki wanawekwa wapi, na watu wanaofanana kwa kila kitu watafanya nini siku ugonjwa mmoja utakapowaingilia. Yanapoulizwa kuhusu sayari ya mbali maswali hayo huonekana ya kinjozi, lakini katika eneo la Sindeni, kata ya Wilaya ya Handeni iliyo kwenye njia ya kuelekea Korogwe mkoani Tanga, yamewahi kuulizwa na kujibiwa katika historia halisi, nusu yake na watu na nusu yake na mmea. Watu hao ni Wazigua, ambao ukoo wao ulihesabiwa kwa mama, na mmea ni mkonge, ambao kwa zaidi ya karne moja umefunika mabonde ya Korogwe kwa nakala za miche michache iliyoletwa kwa meli.

Katika fasihi mada hii ina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1905 Rokeya Sakhawat Hossain, mwandishi Mwislamu wa Bengali, alibuni nchi ambamo wanawake waliongoza sayansi na serikali kwa kutumia nguvu ya jua huku wanaume wakitawishwa majumbani, na miaka 10 baadaye Mmarekani Charlotte Perkins Gilman akabuni nchi ya wanawake waliokuwa wakipata mimba bila mume kwa muda wa miaka 2,000. Mwingereza John Wyndham, mwaka 1956, aliwaua wanaume wote kwa virusi na kuwagawa wanawake katika matabaka ya kazi kwa mfano wa chungu. Klona ziliingia kwa nguvu mwaka 1976 katika hadithi ya James Tiptree Jr., jina la kalamu la mwanamke aliyeitwa Alice Sheldon, ambaye alichora dunia inayoendeshwa na wanawake walionakiliwa kutoka katika akiba ya aina 11,000 hivi za vinasaba. Yafaa kutajwa, kwa kuwa Afrika hutajwa kwa nadra katika historia ya hadithi hizi, kwamba Sheldon huyo alipokuwa na umri wa miaka sita alichukuliwa na wazazi wake hadi mashariki ya Kongo katika msafara wa mwaka 1921 na 1922 ulioongozwa na Carl Akeley kuwatafuta gorila wa milimani, na kwamba mama yake, Mary Hastings Bradley, alimfanya baadaye kuwa mhusika wa vitabu vya watoto kuhusu safari hizo.

Dunia ya kubuni iliyokamilika zaidi, hata hivyo, ni ya David Brin katika riwaya ya Glory Season ya mwaka 1993. Katika sayari aliyoiita Stratos, watoto wanaotungwa mimba wakati wa baridi ni nakala za mama zao, na wale wa kiangazi huzaliwa kwa mchanganyiko wa kawaida wa baba na mama. Nakala hukusanyika katika koo kubwa za wanawake wanaofanana sura na tabia, kila ukoo ukiishi kwa ustadi mmoja ambao umeurithisha vizazi na vizazi, wakati watoto wa kiangazi hulazimika kuondoka na kutafuta nafasi ambayo hakuna ukoo ulioishika. Wanaume ni wachache, wengi wao mabaharia, na hawakuondolewa kabisa kwa sababu hata mimba ya nakala huhitaji mbegu ya mume ili ianze, ingawa mtoto hachukui chochote kutoka kwake. Kitu ambacho Brin alikielewa kuliko waliomtangulia ni kwamba jamii ya namna hiyo ni suala la uchumi kabla ya kuwa suala la jinsia, kwa kuwa ukoo wa nakala hudumu kadiri ustadi wake unavyopata mnunuzi.

Waandishi wa Kiswahili nao wamejenga dunia zao za kubuni. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alijenga Kusadikika, na katika Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, alilifanya tatizo la ufalme wote kuwa mfalme asiyepata mrithi; Katama Mkangi naye, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo cha angani hadi nchi yenye mpango mwingine wa maisha. Hata hivyo hakuna kati yao aliyechukua jamii ya ukoo wa mama kuwa msingi wa dunia yake, jambo la kushangaza kidogo, kwa kuwa mfano wake ulikuwa nyuma ya Tanga, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka alikozaliwa Shaaban Robert.

Nchi ya Wazigua inaenea kusini ya mto Pangani kuelekea mto Wami, nayo ni nchi ya nyika, yenye mvua za kubahatisha, mbung'o waletao nagana kwa mifugo, na njaa ambazo wazee walizipa majina kama watu wengine wanavyovipa majina vita vyao. Wazigua wamo katika kundi la makabila ya mashariki ya Tanzania, pamoja na Wanguu, Wakaguru, Waluguru, Wakwere na Wazaramo, ambayo mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliyaelezea mwaka 1967 kuwa ni watu wa ukoo wa kukeni, na kwa hiyo wanatofautiana na jirani zao Wasambaa wa milimani, ambao hufuata ukoo wa kuumeni. Maana ya ukoo wa kukeni ni kwamba mtoto, awe wa kike au wa kiume, ni wa ukoo wa mama yake, na uanachama huo hupita kwa binti tu. Mtoto wa kiume anao maisha yake yote, lakini hawezi kuwapa watoto wake, ambao ni wa ukoo wa mke wake. Urithi wa mali na wa cheo ulitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, yaani kwa mtoto wa dada.

Hapa yapasa kuepuka kosa ambalo wasafiri na baadhi ya waandishi wa riwaya wamelirudia mara nyingi, la kudhani kwamba pale ukoo unapohesabiwa kwa mama, basi mama ndiye anayetawala. Katika Uzigua ya karne ya 19 waliosuluhisha kesi, kugawa ardhi na kuongoza matambiko ya mvua walikuwa kwa kawaida wanaume, ila mamlaka yao yalitegemea dada zao, kwa kuwa bila watoto wa dada mzee hakuwa na mrithi wala wafuasi wa haki. Nguvu ya wanawake ilionekana zaidi katika mambo yaliyowahusu wenyewe, hasa katika unyago wa wasichana, ambao mtafiti Elisabeth Grohs aliuandikia kitabu kizima mwaka 1980, na ambao uliendeshwa na wanawake kwa elimu na alama zisizofunuliwa kwa wanaume. Isitoshe, ukoo wa kukeni ulikuwa kinyume cha klona katika jambo la msingi: ulikataza watu wa ukoo mmoja kuoana, hivyo kila kizazi kililazimika kuleta damu ya nje, na kilichobaki bila kubadilika kilikuwa jina na haki peke yake. Kwa lugha ya biolojia ya leo, sehemu ya mwili inayorithiwa kwa mama tu, karibu bila mabadiliko, ni chembechembe za nasaba zilizomo ndani ya mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vya seli. Hizo tu ndizo zingeweza kusemwa kuwa zimepita katika ukoo wa Kizigua nakala baada ya nakala.

Mpango huo ulikuwa na mlango wa nyuma, na mlango huo ndio uliobadilisha historia ya Uzigua. Mwanamume aliyetaka watoto walio wake yeye, wasioweza kudaiwa na mjomba yeyote, angeweza kuoa mwanamke asiye na ukoo, yaani mtumwa au mtu aliyewekwa rehani na jamaa zake wakati wa njaa, kwa kuwa watoto wa mwanamke huyo hawakuwa na upande wa mama wa kuwatetea na hivyo waliingia upande wa baba. Biashara ya pembe na watumwa ilipopanda kutoka pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakubwa wa vita waliojipatia bunduki walijikusanyia wanawake wa namna hiyo, wakajenga nyumba kubwa zilizojifanya koo za kuumeni ndani ya nchi ya kukeni. Utawala wa wanaume katika Uzigua, kwa kiasi ambacho mwanahistoria anaweza kuupima, ulikuzwa na utumwa kuliko mila.

Mmoja wa wakubwa hao, Kisabengo, alitoka Uzigua akaenda kujenga mji wenye ngome chini ya milima ya Uluguru, karibu na ulipo mji wa Morogoro wa leo. Alipokufa, mji ulishikwa na binti yake, aliyejulikana kwa jina la Simbamwene, na Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alikuta mwanamke akitawala mojawapo ya miji mikubwa ya njia ya kutoka Bagamoyo kwenda bara, na akagombana naye kuhusu hongo, yaani ushuru ambao misafara ilitozwa kwa kupita. Kisa hicho ni cha kipekee na kisichukuliwe kuwa kanuni, ila kinaonyesha kwamba binti kushika kiti cha baba hakukuwa jambo la kuwashtua watu waliozoea kufikiri kwamba ukoo hupita kwa mwanamke.

Kisa cha pili kina uzito zaidi. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya nyuma ya Pangani na Saadani, na Wazigua wengi, baadhi yao kwa kulaghaiwa kwamba wanakwenda kufanya kazi ya ujira ng'ambo, walipakiwa majahazini na kuuzwa katika pwani ya kusini ya Somalia, ambako mashamba ya bonde la Shebelle yalihitaji mikono. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyohifadhiwa na wazao wao, kundi la watumwa hao lilitoroka likiongozwa na mwanamke aliyeitwa Wanakhucha, mtabiri na mganga, ambaye alipanga siku ya kuondoka na kuwapitisha njiani hadi misitu ya mto Juba, eneo lililokuja kuitwa Gosha. Nia yake, wasimulizi wanasema, ilikuwa kurudi kwao, lakini njia ilikuwa ndefu mno na wakakaa hapo, wakafyeka msitu, wakalima mahindi na kuilinda lugha yao, ambayo inazungumzwa kando ya Juba hadi leo.

Mtaalamu Mwitalia Francesca Declich, aliyeishi miongoni mwa Wazigua wa Juba kabla ya vita vya Somalia, alionyesha kwamba kilichowashikilia pamoja watu hao katika nchi ya Waislamu wanaohesabu ukoo kwa baba kilikuwa makundi ya ngoma na matambiko yaliyorithishwa kwa upande wa mama, na kwamba wanawake na wanaume walisimulia historia ile ile kwa namna tofauti, wanawake wakimpa Wanakhucha nafasi ambayo wanaume waliielekeza kwa viongozi wa baadaye wa kiume. Jambo lingine la kuzingatiwa ni kwamba Gosha haikuwa ya Wazigua peke yao, kwa kuwa walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo waliotoroka baada yao, hata mtawala maarufu wa Gosha wa mwishoni mwa karne hiyo, Nassib Bundo, alikuwa wa asili ya Kiyao. Ukoo wa mama uliwapokea wageni, ukawapa wake na mashamba, na katika kizazi cha pili mtoto wa mgeni alikuwa mwana halali wa ukoo wa mama yake. Haukuhitaji sheria mpya ili kuwameza waliokuja mikono mitupu, ilhali ukoo wa baba ungewahesabu watoto hao kuwa wageni milele.

Wakati Wazigua hao wakizidi kuchanganyika kando ya Juba, nyumbani kwao kuliwasili kiumbe kisichochanganyika na chochote. Agave sisalana, yaani mkonge, ni mmea wenye asili ya Meksiko ambao tabibu na mwanabotania Mmarekani Henry Perrine aliupeleka Florida katika miaka ya 1830. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika hai pwani ya Tanga vilikuwa 62 tu. Vilipandwa karibu na Pangani, na kutokana na hivyo 62 mashamba ya mkonge yakaenea katika koloni lote na kuvuka mpaka kwenda Kenya. Kwa kuwa mimea ya mkonge wa Florida yenyewe ilikuwa nakala za mimea michache zaidi, haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba kwa miongo minne ya kwanza mashamba yote ya mkonge ya Tanganyika yalikuwa mmea mmoja uliorudiwa mamilioni ya mara.

Maumbile ya mkonge yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Mmea huishi miaka kati ya saba na kumi na miwili ukitoa majani 200 hadi 250, kisha hutoa mlingoti mmoja unaopanda mita sita na kuchanua maua, na baada ya hapo hufa. Kwa sababu chembe zake zina seti tano za kromosomu badala ya mbili, na tano haigawanyiki sawasawa, ni nadra sana maua hayo kuzaa mbegu nzima. Badala yake, maua yanapoanguka, juu ya mlingoti huota vichipukizi vidogo, aghalabu zaidi ya 1,000, ambavyo kila kimoja ni mmea kamili wenye vinasaba vya mama yake, na chini ya ardhi mizizi hutoa machipukizi mengine ya aina hiyo hiyo. Neno klona lenyewe lilibuniwa mwaka 1903 na mtaalamu wa mimea Herbert Webber kwa ajili ya mimea ya namna hii, miongo mingi kabla ya kondoo Dolly kuzaliwa huko Uskoti mwaka 1996, na kwa hiyo waandishi wa bunilizi waliichukua dhana hiyo kutoka shambani.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na bonde la Pangani kuanzia Hale hadi Magunga, Ngombezi na Mwelya likageuka taratibu kuwa mistari iliyonyooka ya majani ya kijani-kijivu, na viwanda vya korona, yaani mashine ya kuponda majani na kuacha singa, vikajengwa kando ya maji. Upande wa Handeni, ambako hakukuwa na reli wala maji ya kutosha kuosha singa, mashamba yalikuwa machache zaidi. Wazigua wenyewe waliyaepuka mashamba kila walipoweza, wakaona afadhali kuwauzia wafanyakazi mahindi na mihogo kuliko kutia saini mkataba, na hivyo wenye mashamba walitafuta watu mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wanyamwezi, watu wa Rwanda na Burundi, Wamakonde na Wamakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Hao ndio manamba, walioitwa hivyo kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba, na kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 ambayo mshahara wake haukulipwa mpaka siku zote zijae. Kuanzia mwaka 1944 uandikishaji wao uliratibiwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa na kambi na magari yake katika njia zote za kuelekea Tanga.

Brin, katika riwaya yake, aliweka jamii ya wanawake walionakiliwa ikihudumiwa kwa msimu na wanaume. Korogwe ya miaka ya 1940 ilikuwa na mpangilio unaofanana na huo kwa namna ya kutisha: katikati mmea usiohitaji baba, uliopimwa, kuhesabiwa na kutunzwa kwa kanuni, na kuuzunguka kambi za wanaume walioacha wake na watoto wao mamia ya kilomita nyuma, ambao hawakuwa na ukoo hapo walipo na ambao mkataba ulipokwisha walirudishwa walikotoka. Walter Rodney na wenzake Kapepwa Tambila na Laurent Sago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, walionyesha kwamba mpango huo haukuwa wa bahati mbaya, kwa kuwa mshahara uliowekwa ulimtosha mwanamume mmoja tu, na gharama ya kuzaa na kulea wafanyakazi wa kizazi kijacho ilibebwa na wanawake wa vijiji vya mbali bila malipo yoyote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya Wajapani kuziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia na kukata usambazaji wa kamba kutoka huko, serikali iliruhusu hata kuwalazimisha watu kufanya kazi mashambani.

Kwa muda ustadi mmoja wa mmea huo ulilipa vizuri. Vita vya Korea vilipandisha bei mwaka 1950 na 1951 kiasi cha kuwatajirisha wenye mashamba wa Tanga, na mwaka 1964 uzalishaji wa Tanganyika ulifikia kilele cha tani zipatazo 230,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa tena. Sehemu kubwa ya uzalishaji huo ilitegemea wakulima wa Ulaya na Marekani waliotumia kamba ya katani kufungia marobota ya majani makavu, na kamba ya plastiki ya polipropilini ilipoanza kuingia sokoni katikati ya miaka ya 1960, bei ilianguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba na kuyaweka chini ya shirika la umma. Uzalishaji ukaendelea kushuka hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipokuwa chini ya tani 30,000. Wanasiasa na wachumi wamebishana tangu hapo kama kosa lilikuwa la utaifishaji au la soko. Kwa anayeutazama mkonge kama ukoo wa nakala, mabishano hayo yanaacha nje jambo la wazi, kwamba mmea uliojua kazi moja tu hauwezi kujifunza ya pili mteja wake anapoondoka.

Udhaifu wa pili ulikuwa ndani ya mmea wenyewe, nao ulipewa jina la wilaya. Katika miaka ya 1950 wataalamu walitambua ugonjwa wa madoa ya majani uliokuja kujulikana duniani kama madoa ya Korogwe, ambao huharibu singa na kushusha daraja la katani. Shamba la mimea tofauti huwa na baadhi inayostahimili, lakini shamba la nakala halina akiba hiyo, na mche unaochukuliwa kutoka shamba lenye ugonjwa unaweza kwenda nao shamba jipya. Bahati njema ni kwamba kazi ya kutafuta mkonge wa aina nyingine ilikuwa imekwisha kuanza katika kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Ngomeni, kilichofunguliwa mwaka 1934. George Lock na wenzake walichukua agave ya samawati, iliyopewa jina la Amani kwa kuwa ilitambuliwa katika bustani za utafiti za huko Usambara, wakaikutanisha na agave nyingine yenye majani membamba, kisha mtoto aliyezaliwa wakamrudisha tena kwa agave ya Amani. Kati ya maelfu ya mimea waliyoijaribu, ule wenye namba 11648 ulitoa majani zaidi ya 600 katika maisha yake, karibu mara tatu ya mkonge wa Hindorf. Ni kinaya kwamba mmea huo, uliopatikana kwa ndoa mbili za kweli kati ya wazazi tofauti, tangu siku ulipoteuliwa umekuwa ukizalishwa kwa nakala peke yake, na kwa hiyo umeanza upya safari ile ile.

Upande wa watu, karne ya 20 iliubana ukoo wa mama kwa njia tulivu zaidi. Utawala wa Waingereza, kama ule wa Wajerumani kabla yake, ulitafuta wanaume wa kuwafanya majumbe. Uislamu ulioenea kutoka pwani ulileta sheria ya mirathi inayomtambua baba. Fedha za mahindi na za mikataba ziliwapa vijana mali ambayo mjomba hakuwa ameigawa. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963, lililonuiwa kulinganisha mila za nchi nzima, liliandikwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa kuumeni, na jamii za kukeni zikabaki pembeni. Sheria za ardhi za mwaka 1999, ambazo zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, zilimrudishia mwanamke wa Handeni kama raia haki ambayo bibi yake aliwahi kuwa nayo kama mwana wa ukoo, ijapokuwa mabaraza ya vijiji hayakuzitekeleza kwa kasi moja.

Kisha waliouzwa wakarudi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na bonde la Juba likawa uwanja wa wapiganaji, Wazigua wa Gosha walikimbia, wengi wao kwenda Kenya, ambako maelfu baadaye walipelekwa kuishi Marekani, na wengine kwa majahazi hadi Tanzania. Hao wa pili, wapatao 3,000, waliwekwa katika kambi ya Mkuiu wilayani Handeni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakahamishiwa makazi ya kudumu ya Chogo, wilayani humo humo, ambako wengi walipewa mashamba na hatimaye uraia. Baada ya zaidi ya miaka 150 walikuta lugha ambayo waliweza kuizungumza na wenyeji, ingawa yao ilikuwa imechukua maneno ya Kisomali na ya wenzao wa Gosha, na walileta masimulizi ya Wanakhucha ambayo Handeni haikuwa nayo. Kwa sura na kwa damu hawakuwa nakala za waliobaki.

Mkonge nao umerudi, kwa kiasi. Mashamba ya umma yalibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na wakulima wadogo wa Hale, Magoma, Mwelya na kwingineko Korogwe wakaanza kupewa vitalu ndani ya mashamba makubwa, wakiuza katani kwa mkataba na baadaye kupitia vyama vya ushirika. Mwaka 2008 mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge ulizinduliwa Hale, kwa kuwa singa ni kama sehemu 4 tu katika 100 za uzito wa jani na zilizosalia zilikuwa zikitupwa mtoni. Uhaba unaosumbua sasa ni wa miche: mkonge wa namba 11648 huchelewa sana kutoa mlingoti kwa sababu una majani mengi ya kumaliza kwanza, hivyo vichipukizi vyake havitoshi mahitaji, na kituo cha Mlingano kimelazimika kuzalisha miche maabara kwa kukata vipande vidogo vya chembe hai za mmea uliochaguliwa na kuvikuza ndani ya chupa, kila chupa ikiwa na ndugu wa mama mmoja wanaosubiri kuhamishiwa kitaluni.